Mshtuko wa Shingo Baada ya Tiba ya Mionzi: Si Kila Mara Saratani Imerudi

Mgonjwa wa saratani ya koo amemaliza majuma saba ya tiba ya mionzi na kurejea nyumbani. Vidonda vya mdomoni vimepona, sauti inarudi, na sasa anameza uji bila kukunja uso. Kisha asubuhi moja, miezi mitatu hivi baada ya siku ya mwisho ya tiba, anainamisha kichwa afunge kamba za viatu. Ghafla kitu kama umeme kinatoka shingoni, kinashuka mgongoni na kutokea kwenye miguu. Ni sekunde moja au mbili tu. Akiinua kichwa kimekwisha. Akiinama tena, kinarudi.

Wengi wanaopatwa na hali hii huwaza jambo moja tu: ugonjwa umerudi, na safari hii umeingia mgongoni. Wengine hukaa kimya wasiwatie watu wa nyumbani hofu. Wengine huenda kukandwa shingo, au hutumia akiba ya familia kulipia picha ambazo pengine hawakuzihitaji. Wapo pia wanaoacha kabisa kwenda kliniki, wakiamini kwamba mionzi ndiyo iliyowaharibu.

Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa hao, hofu hiyo haina msingi. Mshtuko wa aina hii ni athari ya muda ya mionzi kwenye neva za mgongo. Madaktari wanaijua vizuri, na huisha yenyewe. Hata hivyo, zipo dalili nyingine za mgongo ambazo hazifai kusubiriwa hata siku moja. Makala haya yanaeleza tofauti kati ya hali hizo mbili, ili mgonjwa na familia yake wajue lini watulie na lini waharakishe.

Hali hii ni ipi?

Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji, na ndani ya mfereji huo inapita kamba nene ya neva inayotoka kwenye ubongo. Kamba hiyo huitwa ugwe wa mgongo. Ndiyo njia kuu ya mawasiliano mwilini. Kupitia kwake ubongo huamrisha mguu kupiga hatua, na kupitia kwake mguu huuarifu ubongo kwamba umekanyaga changarawe.

Mshtuko unaotokea mtu anapoinamisha shingo huitwa ishara ya Lhermitte, kwa jina la Jean Lhermitte, daktari wa neva wa Ufaransa aliyeieleza kwa kina mwaka wa 1924. Wagonjwa aliowachunguza hawakuwa wamepata mionzi. Walikuwa na ugonjwa mwingine wa neva. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, madaktari wa saratani waliona kwamba hata wagonjwa waliotibiwa kwa mionzi shingoni au kifuani hupata mshtuko uleule, lakini wao hupona bila dawa yoyote.

Wagonjwa huueleza kwa namna mbalimbali. Kuna anayesema ni kama kuguswa na waya wa stima. Kuna anayesema ni mchonyoto, ganzi au mtetemo unaoshuka kwa kasi. Kwa baadhi huishia mgongoni, kwa wengine hufika mikononi au miguuni. Kwa kawaida hushika pande zote mbili za mwili. Wengi husema hauumi sana ila unashtua. Huletwa na mambo ya kila siku: kuinama kufagia, kufua nguo kwenye karai, kurukuu au kusujudu wakati wa swala, kutazama simu iliyo mapajani, au matatu kupita juu ya tuta barabarani.

Kwa nini hutokea?

Nyuzi za neva zilizo ndani ya ugwe wa mgongo zinafanana na nyaya za umeme. Kila uzi umefunikwa na utando wa mafuta, kama vile waya unavyofunikwa na plastiki. Utando huo hufanya ujumbe upite haraka bila kuvuja njiani. Seli maalumu ndizo zinazoutengeneza na kuukarabati wakati wote.

Mionzi inapoelekezwa kwenye uvimbe wa koo, umio, tezi za shingo au pafu, sehemu ya ugwe wa mgongo iliyo karibu nayo hupata kiasi fulani. Mionzi hiyo haikati nyuzi za neva. Inachofanya ni kudhoofisha kwa muda zile seli zinazotengeneza utando. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, kwa kuwa utando wa zamani bado upo. Unapochakaa na kukosa wa kuukarabati, unakuwa mwembamba. Ndiyo sababu dalili huchelewa kwa majuma au miezi badala ya kutokea siku ya tiba.

Mtu anapoinamisha shingo, ugwe wa mgongo hunyooka kidogo. Uzi wenye utando mzima hausumbuki. Uzi ambao utando wake umepungua hutoa ujumbe wa uongo, na ubongo huusoma kama umeme unaopita. Nyuzi zinazohusika hasa ni zile zilizo upande wa nyuma wa ugwe, zinazobeba hisia za mguso na mtetemo. Zile zinazoamrisha misuli kwa kawaida haziguswi. Kwa hiyo mgonjwa huhisi mshtuko, lakini mikono na miguu yake hubaki na nguvu, na choo na mkojo huendelea kama kawaida.

Baada ya muda seli hizo hupata nguvu tena na kuujenga upya utando. Mshtuko hupungua siku hadi siku, kisha hupotea.

Nani anaweza kuipata?

Anayeweza kuipata ni mgonjwa ambaye tiba yake ilipitisha mionzi karibu na ugwe wa mgongo, hasa sehemu ya shingo na kifua cha juu. Hawa ni pamoja na wenye saratani ya mdomo, koo, sanduku la sauti na pua ya ndani, saratani ya umio, saratani ya mapafu, na saratani ya tezi za limfu. Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata watu wengi.

Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, au mwanamume aliyetibiwa tezi dume, hupata mionzi kwenye nyonga, mbali na shingo. Akihisi mshtuko wa shingo, asiukubali kuwa athari ya mionzi bila kuchunguzwa. Sababu yake huenda ni nyingine.

Hali hii si adimu. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimepata viwango tofauti, kuanzia wagonjwa wapatao 4 kati ya kila 100 hadi zaidi ya 20 kati ya kila 100, kulingana na aina ya saratani, kiasi cha mionzi na jinsi wagonjwa walivyoulizwa. Wanaoulizwa moja kwa moja hukiri zaidi kuliko wanaosubiriwa waseme wenyewe. Kwa maneno mengine, wapo wagonjwa wengi wanaouhisi mshtuko na kunyamaza.

Wanaotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani wanaweza kuipata pia kwa sababu ya dawa. Dawa ya cisplatin, inayotumiwa sana kwa saratani za kichwa na shingo, inaweza kuleta mshtuko kama huu hata pasipo mionzi.

Huanza lini na huisha lini?

Kwa wagonjwa wengi mshtuko huanza kati ya mwezi wa pili na wa nne baada ya kumaliza mionzi. Kwa wachache huanza mapema zaidi, au huchelewa hadi mwezi wa sita. Mwanzoni huweza kutokea mara nyingi kwa siku, kisha nafasi kati ya mshtuko na mshtuko huongezeka. Wengi huwa wamepona kabisa ndani ya miezi sita tangu ulipoanza. Kwa baadhi huchukua muda mrefu zaidi kidogo.

Tarehe ni jambo muhimu sana hapa. Mshtuko unaoanza miezi mitatu baada ya mionzi ya shingo, kwa mtu anayetembea vizuri na asiye na dalili nyingine, una maana moja. Mshtuko unaoanza mwaka mmoja au miwili baadaye una maana tofauti, na lazima uchunguzwe. Kwa sababu hiyo mgonjwa anashauriwa kuandika mahali salama tarehe ya siku yake ya mwisho ya tiba.

Je, ni mwanzo wa kupooza?

Hili ndilo swali linalowakosesha wagonjwa usingizi, na jibu lake linahitaji maelezo kidogo.

Ni kweli kwamba mionzi mingi kupita kiasi inaweza kuudhuru ugwe wa mgongo moja kwa moja na kumwacha mtu na udhaifu wa miguu. Madhara hayo ya kudumu kwa kawaida hujitokeza baada ya zaidi ya miezi sita, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Hayo ni tofauti na mshtuko wa muda unaoelezwa hapa, na mtu kupata mshtuko huo wa mapema hakumaanishi kwamba yuko njiani kupooza.

Wataalamu wa mionzi huyajua mapema madhara hayo na huyazuia kwa hesabu. Kipimo cha mionzi huitwa grei. Mgonjwa wa saratani ya koo anaweza kupewa grei 60 hadi 70 kwenye uvimbe, zikigawanywa katika vipande vidogo vya grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa juma. Kabla ya tiba kuanza hupigwa picha ya CT, na juu ya picha hiyo wataalamu huchora uvimbe na pia ugwe wa mgongo. Mashine hupangwa ili ugwe usipate zaidi ya grei 45 hadi 50 kwa jumla. Katika kiwango cha grei 50 zinazotolewa kwa utaratibu huo, uwezekano wa madhara ya kudumu unakadiriwa kuwa wagonjwa wapatao 2 kati ya kila 1,000.

Ndiyo maana pia mgonjwa huvalishwa kinyago cha plastiki kinachomshika kichwa na mabega, na kusisitiziwa alale tuli. Wengi huona kinyago hicho ni adha. Kazi yake ni kuhakikisha mionzi inapiga mahali palepale kila siku, na ugwe wa mgongo unabaki nje ya njia.

Dalili za hatari

Mshtuko mfupi peke yake si dharura. Dalili zifuatazo ni dharura, na mgonjwa yeyote wa saratani anayezipata, awe alipata mionzi au hakupata, anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku au mwisho wa juma:

• Miguu au mikono kulegea, kujikwaa mara kwa mara, au kushindwa kuinuka kitini.

• Ganzi isiyoondoka, hasa iliyopanda kutoka miguuni hadi kiunoni au kifuani, au ganzi ya makalio na sehemu za siri.

• Kushindwa kukojoa, au mkojo au choo kutoka bila mtu kujua.

• Maumivu makali ya mgongo au shingo yanayozidi siku hadi siku, yanayomwamsha mtu usiku, au yanayoongezeka anapolala chali, kukohoa au kupiga chafya.

• Maumivu yanayozunguka kifua au tumbo kama mshipi uliokazwa.

Dalili hizi zinaweza kumaanisha kwamba saratani imeingia kwenye mifupa ya mgongo na inaukandamiza ugwe. Saratani za matiti, tezi dume na mapafu ndizo hufanya hivyo mara nyingi. Hapa saa zina thamani. Mgonjwa anayeanza kutibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa, mara nyingi miguu hairudi kama ilivyokuwa. Tiba huwa ni dawa za kupunguza uvimbe zinazoanzwa mara moja, kisha upasuaji au mionzi.

Mshtuko wenyewe pia unahitaji kuchunguzwa upesi ikiwa umeanza zaidi ya miezi sita baada ya mionzi, ikiwa unazidi badala ya kupungua, ikiwa umeshika upande mmoja tu wa mwili, au ikiwa mgonjwa hakuwahi kupata mionzi ya shingo wala kifua.

Sababu nyingine zinazofanana nayo

Si kila umeme wa mgongoni huletwa na mionzi au saratani. Upungufu wa vitamini B12 hudhoofisha utando uleule wa neva. Huwapata watu waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tumbo, wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi. Kipimo cha damu huweza kuutambua, na tiba yake ni sindano au vidonge. Mgonjwa wa saratani ya umio aliyeishi kwa uji na chai kwa miezi mingi anaweza kuwa na upungufu huu pamoja na athari za mionzi.

Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo nacho bado kipo nchini. Huja na maumivu ya mgongo, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na wakati mwingine kinundu mgongoni. Kuchakaa kwa pingili za shingo kwa wazee, au kwa waliobeba mizigo kichwani miaka mingi, huweza pia kuleta ganzi na mshtuko. Hizi zote zina tiba zake, na hakuna inayotibika kwa kuhukumiwa kwamba ni saratani kabla ya vipimo.

Mgonjwa anapofika kwenye kituo cha afya

Mgonjwa hahitaji kusafiri hadi Nairobi kwanza. Muuguzi au afisa wa kliniki katika zahanati ya karibu anaweza kufanya hatua ya mwanzo, nayo ni ya maswali na mikono, si ya mashine. Ataulizwa alitibiwa saratani gani, mionzi ilielekezwa wapi, ilimalizika lini, na alipewa dawa gani. Ataombwa atembee, asimame kwa visigino na kwa vidole, na asukume kwa mikono na miguu. Magoti yatagongwa kuangalia yanavyoruka, na ngozi itaguswa kutafuta sehemu zenye ganzi. Uti wa mgongo utagongwa kidogo kutafuta mahali panapouma.

Ikiwa nguvu ni kamili, hakuna maumivu ya mfupa, choo na mkojo viko sawa, na tarehe zinalingana, mara nyingi hakuna haja ya kukimbilia picha ya MRI. Kwa wagonjwa wenye mshtuko wa muda, picha hiyo kwa kawaida haionyeshi kasoro yoyote. Mgonjwa hupewa maelezo, huandikiwa tarehe ya kurudi, na kliniki yake ya saratani huarifiwa. Ikiwa kuna shaka yoyote, hupewa rufaa bila kuchelewa.

Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma ya pekee yenye mashine ya mionzi, na wagonjwa wa kaunti za mbali walimaliza tiba wakarudi makwao bila mtu wa kuuliza. Leo huduma hiyo inapatikana pia katika hospitali za umma za Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa. Bado safari ni ndefu kwa wengi. Ndiyo maana ni muhimu wahudumu wa afya ya jamii na wa zahanati waijue hali hii, kwa kuwa mshtuko huanza wakati mgonjwa yuko nyumbani, si wakati yuko hospitalini.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mshtuko wa muda hauhitaji dawa kwa wagonjwa wengi. Kuujua peke yake huondoa nusu ya uzito wake. Ukisumbua sana, daktari anaweza kumwandikia mgonjwa dawa za kutuliza neva. Mambo yafuatayo husaidia:

• Kuinama kwa magoti badala ya shingo wakati wa kuokota kitu. Ufagio wenye mpini mrefu, na karai lililowekwa juu ya meza au benchi, hupunguza kuinama.

• Kuinua simu au kitabu hadi usawa wa macho.

• Anayeshtuka anaposujudu anaweza kuswali akiwa ameketi kitini hadi apone.

• Kwenye matatu, kukaa viti vya mbele na kuegemeza kichwa, kwa kuwa nyuma ndiko kunakorushwa zaidi.

• Wanaopanda minazi, ngazi au majukwaa ya ujenzi, na waendesha bodaboda, wapumzike na kazi hizo hadi mshtuko utulie. Sekunde moja ya kushtuka ukiwa juu yatosha kuleta ajali.

• Kutoacha mazoezi ya shingo. Wagonjwa waliopata mionzi hufundishwa kugeuza na kunyoosha shingo taratibu ili ngozi na misuli isikakamae. Anayeogopa mshtuko hukaza shingo wakati wote, na mwishowe hupata ugumu unaodumu kuliko mshtuko wenyewe. Mazoezi yaendelee polepole, na pale yanaposhtua, yafupishwe kwa ushauri wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Yapo pia mambo ya kuepuka. Shingo isikandwe kwa nguvu wala kuzungushwa mpaka ilie. Mfupa uliodhoofishwa na saratani unaweza kuvunjika kwa mkono wa mtu mwenye nia njema kabisa. Vidonge vya dexamethasone visinunuliwe dukani bila maagizo ya daktari. Dawa hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha kinga, na haiharakishi kupona kwa mshtuko wa muda. Na zaidi ya yote, mgonjwa asikatize tiba ya saratani wala kukosa kliniki kwa kuogopa. Mshtuko utaisha hata asipofanya lolote. Saratani iliyoachwa njiani haitaisha.

Karatasi za kutunza

Ugwe wa mgongo huwa na kumbukumbu ya mionzi. Sehemu iliyowahi kupigwa haiwezi kupewa kiasi kilekile tena kana kwamba ni mpya. Iwapo miaka kadhaa baadaye mgonjwa atahitaji mionzi mara ya pili, daktari atahitaji kujua alipewa grei ngapi, kwa siku ngapi, mahali gani na mwaka gani. Bila habari hizo huenda tiba ikacheleweshwa au kupunguzwa kwa tahadhari.

Kwa hiyo kila anayemaliza mionzi aombe muhtasari wa tiba ulioandikwa, autunze pamoja na kitambulisho chake, na kumpa mtu mmoja wa familia nakala. Picha yake kwenye simu pia inafaa.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa aliyejisajili, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, na huduma za saratani zimo katika mpango wa SHA kwa waliolipa michango yao. Anayeweza kujisajili kwa simu hupiga *147#. Mgonjwa anayesubiri hadi siku ya dharura ndipo ashughulikie usajili hupoteza muda ambao mgongo wake hauna.

Ujumbe kwa familia

Mara nyingi wanaomwona mgonjwa akishtuka ni mke, mume, watoto au jirani. Hofu yao humfikia haraka kuliko maneno yao. Kumwambia "nyamaza, ni mambo ya Mungu" hakumsaidii, na kumlilia pia hakumsaidii. Kinachosaidia ni kumuuliza maswali manne: Umeme huo hudumu muda gani? Miguu ina nguvu? Mkojo na choo viko sawa? Mgongo unauma usiku?

Kama hudumu sekunde chache, miguu ina nguvu, haja ziko sawa na usiku analala, familia inaweza kutulia na kumpeleka kituo cha afya katika siku za karibu ili athibitishiwe. Kama jibu la lolote kati ya maswali matatu ya mwisho ni baya, gari litafutwe sasa.

Mgonjwa aliyevumilia majuma saba ya mionzi amefanya kazi kubwa. Asiachwe apambane na hofu ya jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano. Wakazi wenye maswali zaidi wanahimizwa kuzungumza na mhudumu wa afya wa kijiji chao au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa na kadi ya kliniki na tarehe ya siku ya mwisho ya mionzi.